Daudi, Dirii na Mwamuzi wa Besiboli

Mkazi wa Shauri Moyo, Eastlands ya Nairobi, akivuka kwenda Kamukunji hupokewa na mlio wa nyundo. Mabati yanakunjwa kuwa masanduku ya wanafunzi, karai na majiko. Kandokando kuna mafundi wanaochomelea vyuma, na wengi wao wamejikinga macho kwa miwani ya jua ya kawaida tu, ingawa sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake vifaa vya kujikinga. Ukiuliza, mara nyingi jibu ni moja: Mungu ndiye mlinzi.

Jibu hilo halifai kupuuzwa. Mtu anayeamka alfajiri akamkabidhi Mola siku yake ana haki ya kuuliza: kujivika kinga si dalili ya imani haba?

Swali hili linaonekana vizuri zaidi katika kazi ambayo Eastlands haiijui sana, ya mwamuzi wa besiboli. Huyu huchutama nyuma ya mdakaji. Umbali wa mita 18 hivi mbele yake, mrushaji anaachia mpira mgumu wenye uzito wa gramu 142 hadi 149. Kwenye ligi kuu za Marekani mpira huo huweza kupita kilomita 150 kwa saa, na humfikia kabla nusu sekunde haijaisha. Ukiguswa kidogo tu na gongo, hubadili njia ukamwendea usoni. Ndiyo maana mwamuzi huvaa kinga ya uso ya vyuma, kinga ya kifua chini ya shati, kinga za miundi, kikombe cha kulinda sehemu za siri na viatu vyenye chuma kwenye vidole. Wala si habari za Marekani peke yake. Watoto wa Lugazi, Uganda, walicheza mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto huko Williamsport, Marekani, mwaka 2012.

Tukirudi kwenye swali la imani, Waislamu na Wakristo wa mtaani wanamjua Daudi, na kila upande una habari zake juu ya mavazi ya vita. Katika Kurani, Mwenyezi Mungu anamlainishia Daudi chuma na kumfundisha kutengeneza nguo za vita ili watu walindwe. Kwa hiyo kinga ni elimu iliyotoka kwa Mungu mwenyewe, na mhunzi wa Kamukunji ana nabii katika ufundi wake. Katika Biblia, kijana Daudi anavikwa chapeo ya shaba na dirii ya mfalme Sauli, anajaribu kutembea, anashindwa, anavivua. Hakuvikataa kwa sababu ya imani tu. Alisema hajavizoea. Akachukua fimbo, mawe na kombeo, vitu alivyovimudu.

Habari hizi mbili hazipingani. Ya kwanza inaruhusu kinga, ya pili inafundisha namna ya kuichagua.

Besiboli yenyewe imeonja somo hilo la pili. Kwa miongo mingi waamuzi wa American League walishika mbele yao kinga kubwa ya kifua iliyojaa hewa, wakati wenzao wa National League walivaa kinga nyembamba ndani ya koti. Mwenye kinga kubwa hakuweza kuinama pembeni ya mdakaji. Ilimbidi aangalie juu ya kichwa cha mdakaji, kwa hiyo mipira ya chini hakuiona sawasawa, na ligi yake ikasifika kwa kukubali mipira ya juu kuwa mirusho halali. Mchezo mmoja, sheria moja, hukumu mbili, kwa sababu ya vazi! Mwaka 1977 waamuzi wapya wa American League waliamriwa kutumia kinga ya ndani. Wa mwisho kubaki na ile kubwa, Jerry Neudecker, alistaafu mwaka 1985.

Basi kinga nzuri si ile nene kuliko zote. Ni ile inayomwacha mwamuzi aone. Na asiye na kinga haoni pia, kwa maana mwili hujihami wenyewe: jicho hujifumba mpira unapofika, na hapo hasa ndipo hukumu inapotakiwa. Mtoto aliyeshika gongo hudhulumiwa na woga wa mtu ambaye hakukusudia kumdhulumu. Kwa mwamuzi, kujikinga ni sehemu ya amana aliyopewa.

Kriketi ilichelewa kulielewa hili, na ikalipa. Hillel Oscar alifariki mwaka 2014 baada ya kupigwa na mpira akiamua mechi nchini Israeli. John Williams alifariki Wales mwaka 2019 kwa sababu hiyohiyo. Miaka mingi mwamuzi wa kriketi alisimama uwanjani na kofia ya jua tu. Mwaka 2016 mwamuzi John Ward wa Australia alivaa helmeti katika mechi ya kimataifa, na mwenzake Bruce Oxenford akafunga ngao ya plastiki angavu mkononi.

Kinga pia haina ahadi. Katika vita vya Uhud Mtume Muhammad (S.A.W.) alivaa dirii na kofia ya chuma, akajeruhiwa hata hivyo, na pete za kofia hiyo zikamchoma shavuni. Hakuna aliyesema alipungukiwa na tawakkul, yaani kumtegemea Mungu, kwa kuvaa, na hakuna aliyesema vazi lilichukua nafasi ya Mungu.

Kwa hiyo makanisa, misikiti na wafadhili wanaoandalia vijana wa Eastlands mashindano, wa mchezo wowote, wanaponunua jezi na mipira wamweke mwamuzi katika bajeti hiyohiyo. Wamwite ajaribishe vifaa kabla ya kulipa: avae, ainame, ageuze shingo, aseme kama anaona.