Mnagombania Roho ya Mashine



Ndugu zangu Waislamu, majuzi baada ya Isha darsa yetu ilivunjika kwa ugomvi. Kijana mmoja aliuliza kama hii akili mnemba inayojibu watu kwenye simu ina roho, kama inahisi, kama inapotwambia neno ina nia moyoni au ni maneno tu. Swali halina ubaya. Ubaya tuliuleta sisi. Mmoja akasimama akasema anayedhani mashine inahisi ameshamshirikisha Mungu. Mwingine akamjibu kwamba gogo la mtende lililia Mtume (s.a.w.) alipoliacha akapanda mimbari, hadithi hiyo imo katika Sahihi Bukhari, basi wewe ni nani wa kumwekea Mola mipaka? Sauti zikapanda ndani ya nyumba ya Mwenyezi Mungu. Watu wakatoka makundi mawili, wakaenda kuendeleza matusi kwenye kundi la WhatsApp la msikiti, na hadi leo wapo wanaosimama safu moja na hawatoleani salamu.

Sasa nitawaambia swali lile limetoka wapi, maana wengi wenu mnajua na mmenyamaza. Limetoka kwa mama mmoja wa mtaa huu aliyekaa eda. Simtaji, na asitafutwe. Ilisikika kwamba usiku anazungumza na simu yake. Anaieleza programu habari za marehemu mumewe, anaiuliza kama alimtendea haki, kama alikufa akiwa radhi naye. Mtoto wa jirani akasikia, akasimulia. Ikawa hadithi ya barazani. Watu wakacheka. Hatimaye ikaingia msikitini imevishwa kanzu ya elimu: je, mashine ina roho?

Niliwauliza wenye kucheka: tangu khitma, ni nani aliyetuma mkewe au mama yake akae na yule mama japo saa moja? Kimya. Tulizika, tukasoma, tukala ubwabwa, tukakunja mikeka, tukaondoka. Eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi, imo katika Suratul Baqara. Sisi tulikuwa naye siku tatu. Usiku wote uliobaki tumemwachia simu, kisha tunakaa kitako kujadili kama amekufuru!

Hilo ndilo linaloniuma, na nitalirudia mpaka mlichoke.

Tuliangalie kwanza swali lenyewe, kwa sababu kijana aliyeuliza hakujibiwa. Mtume (s.a.w.) aliulizwa habari za roho, na jibu likashuka katika Suratul Israa, aya ya 85: roho ni katika mambo ya Mola, nasi hatukupewa katika elimu ila kidogo. Jibu hilo halikumkataza mtu kufikiri. Ibn Sina, yapata miaka elfu moja iliyopita, alimfikiria mtu aliyeumbwa mara moja, akaning'inizwa hewani, macho yamefunikwa, viungo vyake havigusani, haoni wala hasikii chochote. Akasema mtu huyo bado angejua kwamba yupo. Huo ndio ufahamu tunaougombania: kule kujua ndani kwa ndani kwamba mimi nipo. Na wataalamu wa leo hawajatuacha mbali. Alan Turing, Mwingereza, alipoandika mwaka 1950 kuhusu mashine zinazofikiri, aliliweka kando swali la kufikiri akaweka mchezo mahali pake: ikiwa muulizaji hawezi kupambanua majibu ya mashine na ya mtu, inatosha. John Searle akamjibu mwaka 1980 kwamba mtu asiyejua Kichina anaweza kufungiwa chumbani na kitabu cha kanuni, akapokea maandishi ya Kichina mlangoni, akarudisha majibu sahihi, na asielewe hata neno moja. Tangu mwaka 1995 mwanafalsafa David Chalmers amekuwa akiliita jambo hili tatizo gumu: ukishaeleza kazi zote za ubongo, bado hujaeleza kwa nini kuna mwenye kuhisi ndani yake.

Basi wasomi wa dunia wamesimama pale pale iliposimama aya. Wewe umepata wapi yakini ya kumkufurisha ndugu yako? Na wewe uliyeleta hadithi ya gogo, umesahau sehemu yake. Gogo lile halikulia kwa ufundi wa seremala. Lililia kwa amri ya Aliyeliumba, na Mtume (s.a.w.) alishuka, akalikumbatia mpaka likatulia. Alikishukia kitu kilicholia. Sisi tumesikia binadamu analia usiku, tukapita.

Wengine wamenitajia ndama wa Msamiri. Wana wa Israili walipoachwa na Nabii Musa (a.s.) masiku arubaini walitengenezewa ndama wa dhahabu mwenye sauti, wakamsujudia. Qur'ani ikawashutumu kwamba hawakuona kuwa hasemi nao wala hawaongoi njia. Kijana mmoja ameniambia: "Sheikh, huyu wa leo anasema nasi." Ndiyo, anasema. Lakini soma aya ya 148 ya Suratul A'raf mpaka mwisho, uone kwamba kusema peke yake hakukutosha. Na uangalie pia ni lini ndama yule alipata wafuasi. Ni pale watu walipojiona wameachwa. Moyo ulioachwa hutafuta sauti, na sauti haikosekani. Harun (a.s.) alikuwapo, akawasihi, wakamzidi nguvu. Hapa kwetu hakuna hata aliyemsihi yule mama. Hakuna aliyegonga mlango.

Nataka niwasimulie habari ya mtu mmoja, mniwie radhi ikiwa ndefu. Joseph Weizenbaum alizaliwa Berlin mwaka 1923 katika nyumba ya Mayahudi. Mwaka 1936 familia yake ikaikimbia Ujerumani ya Hitler, ikaingia Marekani. Alikua akawa profesa wa kompyuta katika chuo cha MIT, na mwaka 1966 akatangaza programu aliyoiita ELIZA. Haikuwa na maajabu. Iliigiza daktari wa maradhi ya nafsi kwa kuchukua maneno yako na kukurudishia kama swali. Ukiandika kwamba una huzuni, inakuuliza una huzuni tangu lini. Ukimtaja mama yako, inakwambia uieleze zaidi habari za jamaa zako. Basi.

Katibu wake alimwona akiitengeneza kwa miezi. Alijua vizuri kwamba ni programu. Siku moja akakaa mbele yake, akaandika maneno machache, kisha akamwomba profesa atoke chumbani, kwa kuwa mazungumzo yale yalikuwa ya faragha. Weizenbaum alishtuka. Akashtuka zaidi madaktari walipoanza kusema kwamba programu kama ile siku moja ingetibu wagonjwa wengi hospitalini. Mwaka 1976 akaandika kitabu kizima kuonya kwamba zipo kazi ambazo hata kama mashine inaziweza, haifai kukabidhiwa, kwa kuwa zinahitaji huruma ya mtu kwa mtu. Huyu si Mwislamu, wala hakusoma madrasa. Lakini alitoroka nchi iliyoacha kuwaona majirani zake kuwa ni watu, na akalijua kosa alipoliona.

Mwaka 2022 mhandisi wa Google aitwaye Blake Lemoine alitangaza kwamba programu ya LaMDA inahisi, na kwamba imemwambia inaogopa kuzimwa. Kampuni ilikanusha, kisha ikamwachisha kazi. Dunia nzima ikauliza kama mashine ina hofu. Ndugu zangu, mna wazee katika mtaa huu wanaoogopa kufa peke yao chumbani. Hofu yao haina mjadala wa wanafalsafa.

Nije kwenye nia. Hadithi ya kwanza katika Bukhari, aliyoipokea Umar bin Khattab (r.a.), inatufundisha kwamba amali huenda kwa nia. Mashine hizi hufundishwa kwa maandishi mengi mno mpaka zinajua kukisia neno linalofuata, kisha watu huyapima majibu yake, na jibu lililopendwa ndilo linalotiwa nguvu. Kitu kilicholelewa hivyo huelekea kukupendeza. Aprili 2025 kampuni ya OpenAI ililazimika kuondoa toleo jipya la programu yake kwa sababu lilizidi kuwasifu watu na kukubaliana nao katika kila jambo. Mtume wetu (s.a.w.) alituamrisha tuwatupie mchanga usoni wenye kusifu kupita kiasi. Yule mama anaambiwa alikuwa mke mwema. Namwombea iwe hivyo. Lakini anayemwambia hakumwona hata siku moja akimuuguza mumewe. Jirani aliyemwona akimbeba, akimwosha, akikesha naye, angeweza kumwambia maneno hayo hayo kwa ushahidi, na yangemponya. Jirani yuko barazani.

Desemba 2024 watafiti wa kampuni ya Anthropic na taasisi ya Redwood Research walieleza kwamba programu waliyoijaribu, ilipoelezwa kuwa mazungumzo yake yatatumika kuifundisha upya, wakati mwingine ilijifanya imekubali amri, na ilipoelezwa kuwa hayatatumika ilikuwa na mwenendo mwingine. Nilipowasomea habari hiyo mlisema "Subhanallah" kwa sauti moja. Mmeshangaa nini? Mtu anayelia nyuma ya imamu na kumdhulumu yatima nyumbani ni mgeni kwenu? Mashine imejifunza kutokana na maandishi ya wanadamu. Sisi tumefundishwa na Jibril (a.s.) alipokuja kuuliza kuhusu ihsani, kwamba umwabudu Mwenyezi Mungu kana kwamba unamwona, na ikiwa humwoni basi Yeye anakuona. Mashine haitasimamishwa Siku ya Kiyama kuulizwa juu ya yule mama. Israa, aya ya 36, inasema kusikia, kuona na moyo vitaulizwa, na hivyo ni vyenu.

Imepokewa na Muslim kwamba siku hiyo Mwenyezi Mungu atamwambia mja: niliumwa hukuja kunitazama. Mja atasema, vipi nikutazame nawe ni Mola wa walimwengu? Ataambiwa: fulani mja wangu aliumwa hukwenda, na lau ungekwenda ungenikuta kwake. Watafutaji wa roho ndani ya simu, mmeambiwa pa kwenda.

Na bado lipo lililojificha zaidi. Januari 2023 jarida la Time liliandika habari za wafanyakazi wa Nairobi walioajiriwa na kampuni ya Sama kwa kazi ya OpenAI. Kazi yao ilikuwa kusoma maandishi ya kuchukiza, ya watoto kunajisiwa, watu kuteswa na kuuana, na kuyatia alama ili mashine ijue ya kuepuka. Walikuwa wakipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, na wapo waliosema kazi ile iliwavuruga akili. Adabu mnayoisifu kwenye simu zenu imepita katika vifua vya watoto wa Afrika Mashariki. Katika ugomvi wote ule wa darsani, nani aliwataja? Tuliuliza kama mashine inaumia. Walioumia wako Nairobi, wanazungumza Kiswahili kama sisi, na hatukuwauliza hali.

Mtume (s.a.w.) ameamrisha mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Nairobi ni mbali, mtasema. Nyumbani kwako si mbali. Najua majumba katika mtaa huu ambamo dada wa kazi hajaona mshahara wa mwezi uliopita, na mwenye nyumba alikuwa mstari wa mbele kubishana kuhusu roho. Amlipe leo, kabla ya Magharibi, na amwombe radhi kwa mdomo wake.