Kibao cha Shaba na Jina Lisiloandikwa

Pale Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, malori hupita usiku na mchana yakichukua shaba kwenda bandari ya Dar es Salaam. Shaba ikichanganywa na bati hutoa madini magumu ambayo mafundi wa Ulaya, tangu karne ya 15, wameyatumia kusubu vibao vidogo vya nakshi, vya kutosha kiganjani. Watu huvikusanya kama vito. Vingine husubiwa kuzienzi taasisi zilizokusanya elimu: maktaba, makumbusho, vyama vya wanazuoni. Basi nauliza: kibao kikimshukuru aliyekusanya, aliyetoa ashukuriwe wapi?

Huko huko mkoani Songwe, wilayani Mbozi, kimelala kimondo cha chuma chenye uzito unaokadiriwa kati ya tani 12 na 16. Vitabu vyasema kiligunduliwa mwaka 1930 na W. H. Nott, mpima ardhi kutoka Johannesburg. Lakini wenyeji walikijua zamani. Alilofanya Nott ni kuwajulisha wasiokijua. Ni jambo jema, ila si kugundua.

Wala hayo si ya bara peke yake. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yametufikia kwa juhudi za W. E. Taylor, kisha za William Hichens, aliyeyatoa kitabuni mwaka 1940, huko huko Johannesburg. Aliyemsaidia Taylor kuyakusanya na kuyaelewa ni Mwalimu Sikujua wa Mombasa. Ni wangapi kati yetu wamtajao?

Mtu ataniambia: lau si Taylor, mengi katika hayo yangelipotea. Kweli, na heshima yake simpunguzii. Mimi nami ni mfasiri, na maradhi haya nayajua: mara ngapi jina langu limepigwa chapa juu ya kazi, na mzee aliyenifumbulia neno gumu, nimeketi naye barazani, nisimtaje hata kwa herufi moja!

Shaba tupu ni laini. Bati ndilo liipalo ugumu. Vikishaungana, hakuna awezaye kukitazama kibao akasema hapa ni shaba, hapa ni bati. Elimu nayo ndivyo ilivyo, na mtazamaji hana lawama. Lakini aliyesubu anajua alitia nini tanurini. Akinyamaza, kibao chake kimesema uongo, hata kama kila herufi iliyomo ni ya kweli.