Hii ni Mara ya Ngapi?

Kiswahili kina tabia moja ninayoipenda. Ukitaka kuonyesha kwamba jambo limefanywa tena na tena mpaka limekera, unalirudia neno lenyewe. Mtu akikufuata kutoka dukani, hakuna shida. Pengine umesahau chenji. Akikufuatafuata, hapo kuna neno. Miguu ni ile ile na barabara ni ile ile, ila kule kurudia kumelipa tendo jina jingine.

Naanza na sarufi kwa sababu swali ninaloliwaza siku hizi limekaa humo humo. Je, matendo hamsini ambayo kila moja peke yake halina hatia yanaweza kujumlishwa yakawa uhalifu? Na kama yanaweza, tunamfundishaje askari, nesi, mwalimu au hakimu kuliona jumla hilo kabla halijafika makaburini?

Sheria zenyewe zilichelewa. Nchini Marekani, California ndiyo iliyotangulia, mwaka 1990. Mwaka mmoja kabla yake, mwigizaji Rebecca Schaeffer alikuwa ameuawa mlangoni kwake na shabiki aliyemwandama kwa muda mrefu, na anwani yake ilipatikana kupitia mpelelezi wa kukodiwa. Uingereza ilitunga sheria dhidi ya bughudha mwaka 1997, nayo inataka mwenendo uwe umetokea angalau mara mbili. Kosa la kumwandama mtu likaja kupewa jina lake lenyewe huko England na Wales mwaka 2012. Yaani wanasheria walihitaji miaka mingi kukubali kwamba kosa linaweza kukaa katika kurudia, hata pale ambapo hakuna tendo moja la kulishika mkononi.

Lakini sheria kuandikwa ni kitu kimoja, na jicho la kuitumia ni kitu kingine. Huko Brighton, msichana wa miaka 19 alikwenda polisi mara kadhaa kumlalamikia mwanamume. Polisi walipogundua kwamba wawili hao waliwahi kuwa na uhusiano, na kwamba msichana hakuwaeleza, walimtoza yeye faini ya pauni 90 kwa kuwapotezea muda. Hiyo ilikuwa Machi 2016. Julai mwanamume yule aliingia chumbani kwa msichana kwa ufunguo aliouiba. Agosti akamuua.

Ni rahisi kusema askari wale walikuwa watu wabaya. Mimi naona jambo la kutisha zaidi: walikuwa watu wa kawaida waliokwisha kujua hadithi kabla ya kuisikiliza. Sisi tuna methali yake kabisa: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kikapu ukavune. Ina busara kwenye ugomvi wa ndugu. Ila ukiiweka nyuma ya kaunta ya kituo cha polisi, inageuka kuwa amri ya kutosikia. Wakishasema "hawa walikuwa wapenzi", faili limefungwa.

Ndiyo maana nasema mafunzo ya kazi hii ni ya maadili kabla ya kuwa ya kitaalamu. Polisi wa Uingereza hufundishwa kutafuta dalili nne: mawazo yaliyomgandia mtu mmoja, tamaa isiyompa mtu usingizi, vitendo visivyotakiwa na anayetendewa, na vitendo vinavyorudiwa. Zitazame vizuri. Mbili za kwanza zimo kichwani mwa mtendaji, na hakuna askari anayeweza kuingia humo. Mbili za mwisho zinaulizika na kuandikika. Alikuambia hutaki? Lini? Baada ya hapo amekuja mara ngapi? Mafunzo, kwa sehemu kubwa, ni kumhamisha askari kutoka swali la "leo kimetokea nini?" kwenda swali la "hii ni mara ya ngapi?"

Leo kimetokea nini? Ameleta maua. Amesimama ng'ambo ya barabara. Ametuma ujumbe wa "habari za asubuhi". Ukimweleza ofisa aliyechoka mambo hayo, moja moja, atakuuliza kama una kazi ya kufanya. Kaunta ya kituo hupokea matukio, na mtu anayefuatafuatwa hana tukio, ana kalenda. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kila akienda kuripoti anaombwa aonyeshe punje moja.

Wasomaji wa riwaya za upelelezi wanaweza kulielewa hili haraka kuliko wengine. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla alituingia mwaka 1960 katika Mzimu wa Watu wa Kale, na pale kuna mtu aliyekwisha kuuawa. Riwaya za aina hiyo hudai maiti ipatikane mapema. Mpelelezi hodari anarudi nyuma, anaokota vipande, anatuonyesha kwamba dalili zilikuwepo tangu mwanzo. Sisi tunapiga makofi. Upelelezi ninaouzungumzia unataka akili ile ile ifanye kazi wakati maiti bado anatembea, anaongea, na amekaa kwenye benchi akisubiri kuitwa. Mpelelezi akifanikiwa, hakuna hadithi. Hakuna hata atakayejua kwamba alifanikiwa.

Mwaka 2017 Jane Monckton Smith na wenzake wa Chuo Kikuu cha Gloucestershire walipitia kesi 358 za wanawake waliouawa Uingereza. Katika asilimia 94 walikuta dalili za kuandamwa kabla ya kifo. Takwimu hiyo haisemi kwamba kila anayemwandama mtu ataua, wengi hawaui. Inasema kwamba ukirudi nyuma kutoka makaburini, njia inapita hapo mara nyingi mno.

Na tusidhani ni mambo ya Wazungu. Septemba 2024 mwanariadha wa Uganda, Rebecca Cheptegei, aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake, kaunti ya Trans-Nzoia nchini Kenya. Alifariki Eldoret siku chache baadaye. Baba yake aliwaambia waandishi wa habari kwamba mwanamume yule alikuwa akimwandama na kumtishia binti yake, na kwamba polisi walikuwa wameambiwa. Taarifa nyingi za siku zile zilitaja mgogoro wa ardhi. Kenya inayo sheria ya mwaka 2015 ya ukatili wa majumbani, na kuandamwa kumetajwa ndani yake. Lakini jina unalolipa jambo ndilo linaloamua utaangalia wapi. Ukiliita mgogoro wa ardhi, utaangalia hati ya kiwanja.

Sasa kuna hoja mbili siwezi kuziruka. Ya kwanza: si tutawafunga wapenzi? Vijana wetu wamelelewa wakiambiwa mvumilivu hula mbivu, na hapana ya msichana ni mlango wa kubishwa tena. Jibu langu ni kwamba methali ile inazungumzia tunda. Embe halina kinywa cha kusema sitaki. Mtu anacho, na akishasema, kila hatua inayofuata inapata maana mpya, hata kama ni maua yale yale. Kubembeleza kunamsikiliza anayebembelezwa.

Ya pili ni nzito zaidi: je, tukimfundisha askari kuamini, hatumfundishi kuhukumu? Katika nchi ambazo raia wana sababu ya kuogopa kituo cha polisi, woga huu si wa kubeza. Naona kuamini hapa maana yake ni kuanza kazi: kuchukua tarehe, kuhifadhi jumbe, kuomba kumbukumbu za simu, kuuliza majirani na mlinzi wa geti. Kalenda hiyo hiyo inamlinda pia anayesingiziwa, maana kurudia huacha alama, na uongo huchoka kuzitengeneza. Asiyelindwa na kalenda ni yule ambaye hakuna aliyejisumbua kuiandika.

Mafunzo ya namna hii hayawezi kuishia chuo cha polisi. Mtu anayefuatafuatwa mara nyingi humwambia kwanza dada yake, rafiki, msusi wake, bosi wake. Anaanza kwa kucheka, "yule kaka kaja tena." Nasi tunacheka naye, tunamwambia amepata mchumba. Pale tungeweza kunyamaza kidogo, kisha tukamuuliza: dada, hii ni mara ya ngapi? Halafu tukatafuta kalamu.