Daftari la Nani?



Likizo iliyopita tulitoka Buyenzi, vijana wanne, tukaenda kijiji kimoja upande wa Muyinga kufundisha familia kupanga matumizi ya nyumba. Tulibeba madaftari na aya: Al-Israa 29 inayokataza ubahili na ubadhirifu, na Al-Baqara 282 inayoamuru deni liandikwe. Somo lilikwenda vizuri, mpaka mama mmoja aliponyoosha mkono: "Wanangu, mimi sina cha kufuja. Kahawa yangu huliwa ikiwa bado mtini."

Alikuwa akisema juu ya umurwazo. Miezi ya njaa mkulima huchukua faranga kwa mwenye nazo, na wakati wa mavuno hulipa kwa kahawa au maharagwe, kwa bei iliyo chini sana ya ile ya soko.

Nilirudi na swali. Sheria yetu inaruhusu salam, yaani kulipia leo mazao ya kesho. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda mapema, mwaka mmoja hata miwili. Hakuwakataza, alitaka kipimo, uzito na muda vijulikane. Je, umurwazo si salam kwa Kirundi?

Naona si hivyo. Ukiwa ni mkopo unaorudi na ziada, hiyo ni riba, hata ziada ikiwa ni maharagwe. Na hata masharti ya salam yakitimia, An-Nisaa 29 inataka biashara iwe ya kuridhiana. Bei iliyopangwa na njaa ina ridhaa gani? Wapo wanazuoni waliochukia kabisa kumnunulia aliyebanwa na dhiki chini ya thamani.

Basi sisi tulimfundisha aliyebanwa, tukamwacha anayembana. Na huyo si mgeni kwetu. Wengi wetu ni watoto wa wafanyabiashara. Gunia la bei nafuu limewahi kuingia nyumbani kwetu, wala sikuuliza limepatikanaje. Huenda ada yangu imo humo.

Rai yangu: somo lijalo lianzie hapa mjini, baada ya Isha, kwa baba zetu na kwetu sisi. Tusome Al-Baqara 280 juu ya kumpa muda mdaiwa, tuchange mfuko wa qardh hasan kabla ya miezi ya njaa. Kisha ndipo turudi kwa yule mama na daftari.

Wallahu aalam.