Je, Upendo Peke Yake Watosha?

Hapa Butembo nani hajapata kusikia habari za kijana aliyeanguka na pikipiki, akaumia kichwa vibaya, akalala siku nyingi pasipo kujitambua? Mama yake huja na uji na kijiko. Mama gani aweza kumwacha mwanawe na njaa?

Lakini asiyejitambua hawezi kumeza wala kukohoa vema. Uji hushuka mapafuni, hata mate yake mwenyewe, na homa ya mapafu yaweza kumwua yule aliyepona jeraha. Je, mama ametenda dhambi? Hasha, hakujua. Lakini sisi tuliokwisha kuambiwa, tukakataa kusikia, tutajibu nini?

Wengine husema: «Hatuna mashine ya kumvutia pumzi, basi tumwache.» Tarehe 24 Novemba 1957 Papa Pio XII aliwafundisha waganga kwamba yatupasa kutumia njia za kawaida za kulinda uzima, zinazopita kiasi hazitulazimishi. Basi, asiyeweza kupata mashine hana hatia. Lakini kumwinua kichwa, kumgeuza ubavu kila baada ya saa mbili, kumsafisha kinywa, kumlisha kwa mpira, yote kwa agizo la waganga: hizo si njia za kawaida? Ni kazi ya mikono tu, nasi mikono tunayo.

Mgonjwa huyo hatatushukuru. Hata hajui kwamba tupo. Tumgeuze vivyo hivyo, usiku na mchana. Upendo wa kweli hukubali kwanza kufundishwa, ndipo hutenda.