Kinyaa cha David

Je, mtu aweza kumchukia mwenziwe kwa sababu amejiona ndani yake? Swali hili lilinijia nikiwa Somanga, nikijaribu kufasiri kurasa chache za Giovanni's Room, riwaya ya James Baldwin iliyotoka mwaka 1956. Baldwin alikuwa Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Harlem. Msimulizi wake, David, ni Mmarekani mweupe aliyehamia Paris. Huko anampenda Giovanni, Mwitaliano mhudumu wa baa, ilhali ana mchumba, Hella. Anasimulia usiku wa kuamkia siku ambayo Giovanni atauawa kwa hukumu ya mahakama.

Lililonishughulisha si penzi la David, bali kinyaa chake. Katika ujana wake, baada ya usiku mmoja na rafiki yake Joey, aliamka na hofu, akamkimbia, kisha akaanza kumwonea. Babaye alimtakia jambo moja kubwa: akue awe mwanamume. Paris anawatazama kwa karaha wanaume wanaojiremba na kulegeza sauti, na karaha hiyo ndiyo ngao yake. Maadamu anawadharau, ajiambia, yeye si miongoni mwao.

Hapo kalamu yangu ilikwama. Kiswahili hakikosi maneno ya karaha hiyo, ila kimeyagawa kwa namna yake. Hanithi, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ni fedheha tupu. Basha ni mwenziwe katika tendo lilelile, lakini mitaani aweza kutembea kifua mbele, aibu yote akamtwika mwingine. Na shoga? Baina ya wanawake ni neno la upendo, mwandani wa kuteta na kucheka naye. Likielekezwa kwa mwanamume hugeuka tusi. Waama, lugha yetu hapa haiadhibu tendo. Yaadhibu kufanana na mwanamke.

Abdulrazak Gurnah ametuonyesha upande wa pili wa mizani hiyo. Katika Paradise ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis aliifasiri kwa jina la Peponi mwaka 2022, mnyapara Mohammed Abdalla anaogopwa msafarani kwa ukatili wake na kwa sifa yake ya kuwaingilia wanaume. Sifa hiyo haimpunguzii uanaume, yamzidishia kuogopwa. David si mnyapara, wala penzi si sawa na ujeuri. Hata hivyo, wote wawili wana uanaume usioweza kusimama pasipo mtu wa kudhalilishwa chini yake.

Yuko msomaji atakayesema kwamba dini imekataza, na kwamba sheria ya nchi yafikia kifungo cha maisha. Sheria hupima tendo. Mimi nauliza juu ya moyo. Hata aliyeshika kwamba tendo ni dhambi hakupewa, kwa hoja hiyo, ruhusa ya kumdhihaki mja.

Nami sina usafi wa kujigamba. Miaka mingi iliyopita, ufukweni, samaki wakishushwa madauni, alipita kijana mwenye mwendo wa madaha. Tulimzomea. Mmoja wetu alizomea kuliko wote, na macho yake hayakumwacha yule kijana hata alipopotelea minazini. Siri yake siijui, wala si haki yangu kuikisia. Yangu naijua: nilizomea kwa kuogopa kunyamaza, maana anayenyamaza peke yake huulizwa kwa nini. Yule kijana hakugeuka. Alikwisha kuzoea.

Basi nimekata shauri. Kila David anapodharau, nitaandika neno letu lilelile la ufukweni, bila ya kulilainisha, ili msomaji alitambue kwa sauti aliyopata kulitamka nayo. Nilikuwa nimeandika neno la staha, nikalifuta. Lingemsitiri David, nami lingenisitiri pamoja naye; aliyezomewa lisingemfaa kitu.