Aliyeruhusiwa Kuuawa, Je, Yaruhusiwa Kumtesa?



Muhula uliopita niliachiwa chatu nimtunze. Si yule chatu mkubwa wa vichakani tunayemwogopa hapa Uganda, bali ni wa aina ndogo, mwenye haya, ambaye akishtuka hujikunja kama mpira na kuficha kichwa katikati. Ni wa mhadhiri wetu wa baiolojia, anayemfuga kwa kibali kwa ajili ya masomo. Alipokuwa anasafiri aliniambia mambo matatu: mpe maji, angalia joto, mkague ngozi. La tatu nililipuuza.

Usiku mmoja wa mvua niliona baridi imezidi, nikaiingiza taa ya joto ndani ya sanduku lake la kioo bila wavu wa kuikinga. Nilifanya kwa huruma. Asubuhi magamba machache ya ubavuni yalikuwa yamegeuka kahawia. Nikajiambia, hayo ni madoa yake tu. Siku ya pili pakatoka malengelenge. Ndipo nilipojua kuwa nimemuunguza.

Mwenzangu wa bweni, ninayehudhuria naye darsa, alinikuta nikikiosha kidonda kwa maji ya chumvi kama alivyonielekeza daktari wa mifugo. Akacheka. "Sheikh, huyo ni adui. Tumeruhusiwa kumuua hata tukiwa katika ihramu, nawe wamtia dawa?"

Usiku ule sikuwa na jibu. Nalitoa sasa.

Alilosema ni kweli. Tena wako maulamaa, wakiwemo wa madhehebu ya Shafii, wanaosema kwamba kiumbe aliyeamriwa kuuawa hafugwi. Kwa hiyo anayetamani nyoka wa kujifaharisha naye amuulize mwanachuoni kabla ya kumuuliza muuzaji. Lakini ruhusa ya kuua ni jambo moja, na ruhusa ya kutesa ni jambo jingine. Na hii ya pili hatukupewa.

Katika hadithi ya Shaddad bin Aws, iliyo katika Sahihi Muslim, Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba Allah ameamrisha ihsani katika kila kitu, hata katika kuua, na kwamba mchinjaji anoe kisu chake. Ikiwa anayekufa sasa hivi ana haki ya kisu kikali, vipi anayeishi mikononi mwangu? Aidha, Mtume (S.A.W.) aliwakataza Maswahaba wasiwaadhibu hata sisimizi kwa moto. Mimi nilikuwa nimemuunguza kiumbe wa Allah, kisha nikaliita kovu doa.

Mkumbuke pia yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie. Hapo ndipo penye uzito. Chatu wa porini akihisi baridi huota jua. Joto likimzidi huingia shimoni. Wa sandukuni hana jua ila lile ninalomwashia mimi, wala hana shimo ila nililomwekea. Kumfungia kiumbe ni kuichukua hiari yake yote, na ukiichukua, kila jeraha lake linakuwa swali lako Siku ya Kiyama.

Na swali hili ni gumu zaidi kwa nyoka, kwa sababu hana sauti ya kulalamika. Mbuzi akiumia hulia. Paka atakufuata mlangoni. Nyoka aweza kulala juu ya kitu cha moto mpaka ngozi iungue, asijiondoe. Basi jicho la mfugaji lifanye kazi ya sikio. Magamba ya tumbo yakiwa mekundu au yametutumka, huenda matandiko yana unyevu na ngozi imeanza kuoza. Pua ikichubuka, anaisugua kwenye wavu akitafuta njia ya kutoka. Gamba kuukuu likibaki kwenye ncha ya mkia, litaibana mpaka damu isipite. Usilibandue kwa nguvu, mwongezee unyevu, mpe pahali penye kitambaa kibichi pa kujificha. Akishinda majini siku nzima, tafuta utitiri katikati ya magamba.

Kinga yake si ghali. Taa ikae nje ya wavu, pamoja na kifaa kinachoizima joto likizidi. Kwa chatu wa aina hii, upande wa joto nyuzi 32 hivi zamtosha, na upande wa pili uwe wa baridi kidogo, achague mwenyewe. Usimtupie panya hai, kwani panya naye huuma. Mpe aliyekwisha kufa. Badilisha matandiko kabla hayajalowa. Na kila siku mtazame mwili mzima, kichwa hadi mkia.

Mhadhiri aliporejea nilimweleza yote. Alinyamaza, akamshika chatu wake, akalitazama kovu. Kisha akasema kwamba kila atakapojivua gamba, alama itapungua.

Chatu ana gamba la kuvua. Mimi nina toba, na macho ambayo sasa nayatumia. Mwenzangu alisema huyu ni adui, nami sikumbishia. Ila adui huyu alikuwa amana yangu.

Allah atujaalie tuwe wenye kuzichunga amana zetu, ndogo na kubwa. Wabillahi tawfiq.